Mizani ya Pamba, Minofu ya Sangara

Miaka ya 1970 barabara ya Musoma ilikuwa na saa zake. Zamu zilipobadilika katika kiwanda cha nguo cha Mwatex, watu walifurika barabarani, wa miguu na wa baiskeli, hawa wakitoka, wale wakiingia, na akina mama wa uji na vitumbua walijua bila kutazama saa ni wakati gani wa kuchochea moto. Baba yangu mdogo alikuwa katika umati huo. Alianza kwa kubeba marobota. Akafundishwa mashine ya kusokota, na baada ya miaka michache yeye ndiye akawa anawafundisha vijana kuunga uzi uliokatika kabla mashine haijaharibu kazi. Elimu yake ilikuwa darasa la nne. Alijenga Mabatini, akasomesha watoto, na hadi anafariki alikuwa hapiti dukani bila kuushika ukingo wa khanga na kuusugua kwa vidole, apime kama uzi ni wa kweli.

Mwanza ile ilikuwa imefungamana na vijiji vyake kwa namna ambayo ni vigumu kumweleza kijana wa leo. Pamba ililimwa Kwimba, Magu, Maswa na Geita, kwa mbegu zilizotafitiwa Ukiriguru, mwendo mfupi tu kusini mwa mji. Ilichambuliwa katika vinu vya ushirika. Nyuzi zikaja mjini kusokotwa na kufumwa, mbegu zikakamuliwa mafuta ya kupikia, mashudu yakalishwa ng'ombe, na ng'ombe huyo alipochinjwa, ngozi yake ilikuwa na mahali pa kwenda hapa hapa, kiwanda cha ngozi cha Ilemela. Si pamba yote iliyofumwa Mwanza. Nyingi ilipanda treni na kwenda Dar es Salaam kusafirishwa ng'ambo, kwa reli iliyotufikia tangu 1928. Lakini kiasi kilichobaki kilitosha kumfanya mkulima wa Ngudu aamini kwamba mji ule ni wake pia.

Sisemi kwamba hatukuwa na dhiki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa na kiwanda cha nguo na hatukuwa na nguo. Vipuri havikupatikana, mafuta yalikuwa haba, mashine zikawa zinasimama, na mama zetu walipanga foleni tangu usiku kusubiri khanga za mgawo. Aliyeishi miaka ile hawezi kuitamani yote. Ninachokitamani mimi ni kimoja, na kilianza kabla ya kiwanda.

Kilianza kwenye mizani. Wakulima wa pamba wa Usukuma waligundua, baada ya Vita Kuu ya Pili, kwamba kilo zinapungua njiani kati ya gunia na daftari la mnunuzi. Hawakuandika barua kwanza. Walichagua watu wao, wenye macho na hesabu, wakawaweka pembeni ya mizani wakague kila gunia. Katika jambo hilo dogo ndimo lilimotoka vuguvugu kubwa. Paul Bomani, kijana mzaliwa wa upande wa Musoma aliyekuwa akiendesha ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika hapa mjini, alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima, na kufikia 1955 vyama vyao vilikuwa na shirikisho lao, VFCU. Katika miaka michache shirikisho hilo lilikuwa likinunua zao zima la ukanda huu, likimiliki vinu, likiajiri makarani, wahasibu, madereva na mafundi. Wakati wa uhuru lilihesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa vilivyokuwa mikononi mwa Waafrika. Bomani mwenyewe akawa waziri wa fedha wa nchi changa, na baadaye balozi Washington.

Na kumbukeni mazingira. TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia 1954 hadi 1958. Siasa ilipofungiwa mlango, mkutano wa chama cha pamba ndio uliobaki mahali pa mtu kusimama na kuuliza.

Marehemu baba alikuwa karani wa chama cha msingi upande wa Sengerema. Nilikuwa nikimfuata likizo, nikakaa chini ya mwembe nikimsikiliza akiwasomea wanachama bei ya msimu. Hakuna aliyepiga makofi. Walimuuliza kwa nini makato ya usafirishaji yamepanda, gunia ngapi ziliozea ghalani na nani alikuwa na funguo, na ile senti ya shule iliyokatwa mwaka jana imejenga nini. Baba alijibu akiwa amesimama, kofia mkononi. Wengi wa wazee wale hawakujua kuandika majina yao, lakini bei ya pamba ya Liverpool waliisikia redioni na wakaitaja. Nimehudhuria mikutano mingi ya maendeleo tangu hapo, yenye viyoyozi na maji ya chupa, na sijaona tena maswali ya uzito ule.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vyote nchini, Nyanza yetu, mrithi wa VFCU, ikiwamo, na kazi yake ikakabidhiwa mamlaka ya zao. Zilitolewa sababu: ubadhirifu, upendeleo, hesabu zisizokaguliwa. Baadhi zilikuwa za kweli, na baba alikiri hivyo. Lakini dawa iliyotolewa iliua mgonjwa. Ushirika uliporejeshwa kwa sheria ya 1982, na Nyanza kuandikishwa upya 1984, kilichorudi kilikuwa jina, majengo na madeni. Wale wazee wa mwembeni walikuwa wamejifunza kunyamaza, na watoto wao hawakupata wa kuwafundisha kuuliza. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mkulima alikutana na mnunuzi na mizani yake akiwa peke yake tena, kama babu yake. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu naamini ndilo pigo ambalo ukanda huu haujapona.

Mwaka mmoja baada ya ushirika kuvunjwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika. Watu wa mbali na ziwa huenda walilisikia hilo kama habari ya marais. Sisi tulilisikia bandarini. Meli za shirika moja zilizokuwa zikizunguka Mwanza, Musoma, Kisumu, Port Bell na Bukoba zikagawanywa, kila nchi na zake. Mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Bandari ya Mwanza Kusini, ambako mabehewa yaliingia moja kwa moja ndani ya meli na kuvushwa hadi reli ya upande wa pili, ikapungukiwa na kazi, na meli yetu ya mabehewa, MV Umoja, ilipitia miaka mirefu ya kimya kabla haijarudi kupeleka mizigo Uganda mwaka 2018. Jumuiya mpya imezaliwa, ndiyo. Ila ofisi zake zinazohusu ziwa, ile ya uvuvi iko Jinja na ile ya bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, na sisi wenye nusu ya ziwa zima tunasafiri kwenda kusikia.

Kisha ikaja Mei 21, 1996. MV Bukoba ilizama asubuhi karibu na Bwiru, ikitokea Bukoba, na ndani yake mamia ya watu, wengine wakisema wanakaribia elfu. Makaburi ya Igoma yapo. Kila familia ya Mwanza ninayoijua ilipoteza mtu, au inamjua aliyepoteza mtu. Wachuuzi wa ndizi na kahawa waliokuwa wakilala melini na kuamka sokoni wakaanza kuzunguka kwa barabara, wakasota kwenye kivuko cha Busisi. Uchumi wa ziwa ulipata hofu ya maji, na hofu hiyo haiandikwi katika ripoti yoyote.

Kufikia wakati huo mji ulikuwa na bwana mwingine: sangara. Aliletwa ziwani enzi za ukoloni, akakaa kimya, na miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo akimaliza sato, furu na wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa ufukweni, na Mwanza ikaanza kusikia ndege za mizigo usiku. Nilikuwa mwalimu wa sekondari. Niliona madawati yakibaki wazi, na wiki mbili baadaye niliwaona wenye madawati wamevaa makoti meupe na buti za mpira, wamesimama getini wakisubiri kuitwa. Sikuwalaumu. Msichana mwenye mkono mwepesi wa kisu alipeleka nyumbani fedha nyingi kuliko mshahara wangu, kwa wiki alizoitwa. Wiki ambazo hakuitwa hazikuwa na mshahara, wala likizo, wala pensheni. Baba mdogo alipoelezwa utaratibu huo, aliuliza: "Sasa fundi wao nani?" Kwake ajira ilikuwa ni mtu kuingia hajui na kutoka anajua.

Hata hivyo kuna jambo moja la miaka ile ambalo nalitaja kila ninapopata nafasi, kwa sababu linaonyesha mji huu unaweza. Umoja wa Ulaya ulitufungia soko mwishoni mwa miaka ya 1990, mara kwa kipindupindu, mara nyingine, mwaka 1999, kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Viwanda vilisimama. Mialoni samaki walikosa wa kuwanunua, bei ikaanguka, na vibarua wakarudi kwao. Hapo ndipo wenye viwanda walipoacha kushindana kwa muda wakazungumza kwa sauti moja, idara ya uvuvi ikapewa mamlaka kamili ya ukaguzi, maabara ya Nyegezi ikaimarishwa, na vijana wa chuo cha uvuvi cha hapo hapo Nyegezi wakawa wakaguzi wenye kuheshimika. Mialo ikaanza kuwekewa sakafu, maji safi na vyoo. Mapema mwaka 2000 soko likafunguliwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wenye mitaji, wenye ujuzi na wenye sheria, wamekaa meza moja kwa sababu njaa iliwalazimisha.

Meza hiyo ilikosa kiti kimoja, cha mvuvi. Na kwa kuwa kilikosekana, ubora wa samaki ulisimamiwa na wingi wake haukusimamiwa ipasavyo. Minofu ilikwenda Ulaya. Vichwa na mifupa, mapanki, vilibaki kwetu, vikakaangwa na kuuzwa mitaani. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 iliyaonyesha mapanki hayo kwa dunia, na Rais Kikwete akailaani mwaka 2006, na watu wakaandamana mjini kutetea jina la Mwanza. Nilielewa hasira yao. Mji haupendi kuvuliwa nguo mbele ya wageni. Lakini mapanki hayakuwa ya kubuni, tulikuwa tukiyanunua.

Leo viwanda kadhaa vya minofu vimefungwa au vinafanya kazi chini ya uwezo wake. Bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, ambalo zamani wavuvi walilitupa, linasafirishwa Asia na kilo yake ina bei ya kumshangaza aliyekula samaki maisha yake yote. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 ilichoma nyavu haramu nyingi. Ilikuwa lazima kufanyika jambo, nakubali. Makokoro yalikuwa yanakomba mpaka vifaranga. Ila nilikaa na mvuvi wa Ukerewe aliyekuwa akitazama jivu, naye alisema neno ambalo lingepaswa kusemwa mbele ya waziri: nyavu zile aliuziwa dukani, kwa risiti. Sheria ilimkuta yeye majini, haikumkuta aliyeziingiza nchini.

Upande wa mafunzo, mfano ninaoutaja daima ni wa ngozi. Mwanza ilikuwa na kiwanda cha ngozi na chuo cha teknolojia ya ngozi, vyote Ilemela. Chuo kiliwahi kulala, kikaamshwa, na leo ni kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Hilo ni jambo jema na nawapongeza walimu wake. Kiwanda hakikuamka. Kanda hii ina ng'ombe wengi kuliko karibu kanda nyingine yoyote nchini, ina chuo kinachofundisha kulainisha na kushona ngozi, na viatu vya watoto wetu wa shule vinatoka nje ya nchi. Chuo hakina kiwanda cha kumpokea mhitimu, mfugaji hana mnunuzi wa ngozi anayemlipa kwa ubora, kwa hiyo ngozi huchunwa ovyo. Kila mmoja ana haki ya kumlaumu mwenzake.

Na taasisi za kuwakutanisha zipo, tena nyingi kuliko enzi ya baba. Chemba ya wafanyabiashara ya TCCIA ipo tangu 1988. Serikali ina taasisi ya kuhudumia wawekezaji yenye ofisi ya kanda hapa. Kuna baraza la biashara la mkoa, mwenyekiti wake mkuu wa mkoa, ambamo serikali na sekta binafsi hutakiwa kukaa pamoja kuondoa vikwazo. Kuna mpango wa mwaka 2018 wa kupunguza utitiri wa vibali na tozo, ambao umefuta baadhi yake. Nimehudhuria makongamano ya uwekezaji na kusikia ramani ya Mwanza ikisomwa vizuri: ziwa, madini, mifugo, nchi jirani tano au sita zinazofikika. Yote ni kweli. Kinachonisikitisha ni kwamba fursa husomwa kwa mgeni anayekuja, na hasomewi aliyepo. Nenda soko la dagaa la Kirumba Mwaloni asubuhi. Utakuta wafanyabiashara kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, magunia yamepangwa hadi darini, wachukuzi wanaimba, na biashara ya kimataifa inaendeshwa kwa simu ya mkononi na uaminifu. Hakuna kongamano lililowaleta watu hao. Mama anayeanika dagaa chini, akiomba Mungu mvua isinyeshe, anapoteza sehemu ya mali yake kila masika kwa kukosa vichanja na vikaushio, na hajawahi kuulizwa. Angeulizwa, angejibu kama wale wazee wa Sengerema, kwa hesabu.

Nimeishi kuona makubwa. Wakati wa sensa ya 1967 mji ulikuwa na watu kama 35,000. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni moja Nyamagana na Ilemela. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa mwaka 2021, na dhahabu ya Geita, mkoa uliokuwa sehemu ya Mwanza hadi 2012, sasa inaweza kusafishwa kabla ya kuondoka. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi mwaka huo huo. Timu ya Pamba, iliyobeba jina la zao letu, ilirudi ligi kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, sasa ikiwa mali ya jiji. Na Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, takriban kilomita 3 juu ya maji. Nilipita juu yake nikielekea Sengerema kwenye kaburi la baba, nikakumbuka wajawazito waliosubiri kivuko usiku, na machozi yalinitoka. Hakuna mtu wa ukanda huu anayelidharau daraja lile.

Swali langu ni la mabehewa. Reli itakapofika itashuka na nini kutoka Mwanza? Ikishuka na marobota ya pamba isiyosokotwa, ngozi mbichi na mabondo, tutakuwa tumefanya haraka kile tulichofanya polepole tangu 1928.

Lipo jibu moja ambalo lilizaliwa bandarini Mwanza Kusini na ningependa lisipotee. Meli ya MV Mwanza, ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilijengwa pale pale na kuteremshwa majini Februari 2023. Mkandarasi alitoka Korea, lakini vijana wetu walichomelea vyuma vile, wakafunga mabomba, wakavuta nyaya. Daraja nalo lilikuwa na mafundi wake, wa zege na wa nondo, waliofanya kazi katikati ya maji kwa miaka. Hao ndio baba zangu wadogo wa kizazi hiki: waliingia hawajui, wametoka wanajua. Wengi sasa wanachomelea mageti na madirisha Mkuyuni na Mabatini. Majina yao yapo katika madaftari ya malipo ya wakandarasi. Naiomba halmashauri ya jiji, na baraza la biashara la mkoa, wayachukue madaftari hayo kabla hayajapotea, wawape mafundi hao vyeti vya ujuzi walionao kupitia mamlaka ya ufundi stadi, VETA, na mkataba ujao wa meli, wa kivuko au wa boti za uvuvi utakapotangazwa, uwe na sharti lililoandikwa kwamba wao ndio watakaoanza kuitwa. Na siku sharti hilo litakapojadiliwa, mmoja wao awe ndani ya chumba, karibu na mizani.